Avenue Moja Bado Haina Jina

Jumatatu, 4 Julai 2022

Nimefika Kashebere. Mugongo umekwisha! Toka Masisi-centre mpaka Nyabiondo nilikuwa naogopa motard na pikipiki yake. Toka Nyabiondo mpaka huku nikaanza kuogopa njia yenyewe. Vumbi kwa meno, vumbi kwa masikio. Mama mudogo Joséphine-Marie akanicheka mbele ya wateja wa duka lake: docteur wetu amefika kama muhogo wa kutoka shambani! Nikamwambia, Mama, bado sijakuwa docteur. — Utakuwa. Ingia, uoge.

Ameshika palepale penye kuuma. Niko assistant kwa chuo kule Goma toka nilipomaliza masomo, na ningali assistant. Wale tulisoma pamoja wamepanda. Mumoja iko Kisangani, anatembea sawa profesa na hata thèse hajamaliza. Mandat yangu ya kazi inaisha mwezi wa kumi. Profesa Evode, njo anaongoza kazi yangu, aliniambia wazi: article moja, Estelle, moja tu yenye kusimama, na conseil ya chuo itakuachia nafasi. Bila hiyo... Hakumaliza. Akafungua mikono, basi.

Njo maana niko huku. Chef de poste, mukubwa wa serikali wa huku, anataka avenues, zile njia za centre, zipate majina, commission imeundwa, na walitafuta muntu wa historia. Wenzangu kule Goma walicheka sana. Historia ya miji ni Kinshasa, ni Lubumbashi — Kashebere nayo iko muji? Nani alisema muji ni lami! Kuko soko, kuko ghala, kuko watu wametoka pande zote na wanagombania parcelle, viwanja vya kujenga. Huo ni muji kabisa.

Usingizi hauji. Nimefungua valise, nimeifunga, nimeifungua tena.

Jumatano, 6 Julai

Nimetembea mpaka miguu imevimba. Avenues tayari ziko na majina, ni vile tu hakuna aliyeyaandika! «Kwa Pompe» — pompe yenyewe ya maji iliibiwa zamani, jina likabaki. «Teremuka-Mbio», ule muteremko wenye kuua mabreki ya pikipiki. «Wachumba», njia ya kwenda chemchemi, na nilipouliza juu ya nini inaitwa vile, wasichana wakakimbia na bidoni zao wakicheka.

Lakini ile njia kubwa ya kutoka soko kushuka mtoni, ambako duka la mama mudogo liko — hapo watu wananyamaza. Mama mumoja wa ndizi nilimuuliza: hapa munapaitaje? Akapanga ndizi zake upya, zilikuwa zimepangwa vizuri. «Hapo tunapita tu, dada.»

Tunapita tu. Naipenda hiyo! Na inaniwasha pia.

Alhamisi, 7 Julai

Commission. Papa Floribert, secrétaire wa poste, njo président. Muntu wa furaha, anaongea kama redio. Ameshatengeneza vibao, vyote vimepakwa rangi nyeupe, vimeegemea ukuta vikingoja majina. Muzindua ni mukubwa atakayetoka Walikale, Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Kila avenue jina moja, kibao kimoja, hakuna kurudi nyuma.

Mama mudogo akasimama. Alikuwa amevaa kikwembe cha Misa. Akaomba ile njia ya soko iitwe Avenue Nzanzu, jina la marehemu bwana yake. Nzanzu alitoka Butembo kwa miguu, furushi ya chumvi mugongoni, akajenga duka la kwanza la mabati huku. Watu wakapiga mikono. Hata mie nilipiga. Papa Nzanzu ndiye alinilipia shule ya kwanza.

Halafu sauti kutoka benchi ya nyuma. Nzito, ya chini kabisa: «Pale hapana kuandika jina.»

Ni Papa Byamungu, munyanga, wa kabila ya hapa, anayeziba mipira ya pikipiki pale barabarani. Vidole vyeusi vya gundi. Floribert akamwambia kwa heshima, Papa, kila avenue lazima jina.

«Iko nalo. Si ya kuandika.»

«Basi utupatie, tutaona.»

«Nimesema.» Akakohoa muda murefu, akaketi. Mama mudogo hakumuangalia. Aliangalia mikono yake.

Na mie? Moyo uliruka! Si juu yake, si juu ya mama mudogo. Juu ya article. Naandika hivyo juu njo ukweli.

Jumamosi, 9 Julai

Kwa Papa Byamungu. Hakuacha kazi juu yangu. Anatia mupira kwa beseni la maji, anatafuta povu, na huku anaongea. Iko pia mwimbaji wa kwaya ya protestanti, ile sauti ya chini njo yake, na alinionya: usiniweke kwa kitabu sawa muchawi, mimi ni muntu wa Yesu.

Anasema, kabla ya barabara, vijana wa jamaa yake walikuwa wanapelekwa pale ili watoke wakiwa wanaume. Mambo mengine haniambii, na sikuuliza. Barabara ilipopita hawakugombana. Nzanzu alipojenga hawakugombana. Alikuja kuuliza kwanza, akaonyeshwa pa kuchimba na pa kuacha. «Njia haina kosa. Duka haina kosa. Lakini jina ni ya wenyewe.»

Nikamwambia, Papa, jina lisiloandikwa linapotea. Kazi yangu yote nimeijenga juu ya neno hilo!

Akaniangalia. «Wewe unaandika kila kintu. Kuko kintu unajua bila kuandika?»

Nikacheka. Nikarudi nyumbani nikitafuta jibu njia nzima. 

Jumanne, 12 Julai

Network iko juu ya kilima tu, nyuma ya kanisa. Nimepanda, nimempigia Profesa Evode, nimemwambia yote. Alinyamaza mpaka nikafikiri laini imekatika. Kumbe alikuwa anafurahi! Akasema: huo njo mwanzo wa muji kabla ya wakoloni na barabara yao, unaelewa umeshika nini? Pata lile jina, Estelle. Jina na maana yake. Na nikirudi bila jina? nikauliza. Akajibu polepole, sawa kwa mutoto: hakuna revue inayochapisha kunyamaza.

Iko na haki. Na iko muntu mwema, alinishikia nafasi wakati wengine walitaka kuniondoa. Lakini niliposhuka kilima nilikuwa na hasira, na sikujua ni ya nani.

Jumapili, 17 Julai

Nimeenda Misa na mama mudogo, halafu nikapitia kwa waprotestanti kusikiliza kwaya. Sauti ya chini haiko. Nyimbo zilikuwa zinaelea tu, sawa nyumba bila sakafu. Mama Chantal, bibi ya ndoa ya Papa Byamungu, akanivuta nje: anatema damu toka jana, anakataa watu wamuone.

Nimempata amelala, redio kwa sikio. Mutoto wako anajua? nikamuuliza. Archange, mutoto wao mwanaume mumoja, anauzisha fromage, zile jibini za Kirolirwe, kule Goma. Papa Byamungu akafunga macho. «Yule? Anauzisha fromage. Na jina nayo ataliuzisha.»

Mama Chantal aligeuka ukutani.

Jumatatu, 18 Julai

Wamempeleka hospitali ya Masisi. Asubuhi, kwa pikipiki, yeye katikati, shemeji yake nyuma akimushika. Kwaya yote ilikuja na ile nguo yao ya bluu. Nilileta kikwembe cha mama mudogo cha kumufungia kifua.

Nilipokuwa nafunga, akanishika shingo. Mkono muzito! Nikafikiri anaanguka. Akaweka mudomo kwa sikio langu na akasema. Jina. Halafu maneno mengine kidogo, maana yake. Halafu: «Weka kwa kichwa.»

Nikasema, Papa, mimi mwanamuke. Mimi munande, hata sio wa hapa.

«Wewe njo uliuliza.»

Motard akawasha. Mama Chantal alikuwa anatuangalia. Watu wakaanza kuimba, mie nikasimama pale na masikio yanawaka moto.

Nimerudi, nimeketi, nimeshika kalamu. Nimeandika herufi ya kwanza. Nimeifuta mpaka karatasi imetoboka.

Jumatano, 20 Julai

Nilipanda kilima kuuliza habari za hospitali. Wanasema anapumua kwa mashine. Halafu Profesa Evode akapiga, akauliza, na mie — mudomo wangu! — nikasema: ninalo. Nilisema tu. Ili mara moja niwe muntu mwenye kuwa na kintu.

Akapiga makofi. Nilisikia makofi kwa telefone. Ameshaongea na watu wa revue, ananingojea mwisho wa mwezi wa nane. Akasema tena, kwa sauti ya baba: nilijua, nilijua wewe si wa kubaki assistant.

Nimeshuka nikikimbia kama muntu anayefukuzwa. Hakuna aliyenifukuza.

Ijumaa, 22 Julai

Papa Byamungu amekufa. Asubuhi mapema.

Jumapili, 24 Julai

Tumemuzika. Kwaya iliimba, na mahali pa sauti yake waliacha wazi — waliimba sauti tatu, ya ine wakanyamaza. Nililia kuliko nilivyokuwa na haki ya kulia. Siku chache namujua!

Archange alifika kaburi likiwa nusu limejaa. Barrière mbili za njiani zilimuchelewesha. Akachukua mupauli kwa mikono ya muntu mwingine, akatupa udongo peke yake mpaka mwisho, hakuna aliyethubutu kumusaidia. Muntu murefu, shati safi, uso wa baba yake kabisa. Hakulia. Kisha akauliza kwa sauti, watu wote wakisikia: «Alisema nini? Alisema nini kabla ya kwenda?»

Mama Chantal akaniangalia. Ni kidogo tu. Lakini Archange aliona.

Alhamisi, 28 Julai

Commission, na Archange ndani. Aliongea vizuri, kifaransa na kiswahili, sawa avocat. Kwamba jamaa yake ilikaa kimya miaka yote na kimya hicho kimewala. Kwamba leo muntu asiyeandikwa hayuko. Kwamba anataka jina la wakubwa wake kwa kile kibao, herufi nyeusi, na chini yake tarehe. Na kwamba kisha watazungumza juu ya parcelle za ile njia, ni nani alipatia nani.

Mama mudogo akasimama bila kuomba neno. «Unataka kunifukuza, sema! Bwana yangu alijenga na ruhusa ya babu yako.»

«Ruhusa iko wapi? Onyesha karatasi, Mama.»

«Karatasi! Baba yako hakuniulizaka karatasi hata siku moja.»

Floribert akapiga meza. Akasema mukubwa wa Walikale hatakuja kuzindua kelele. Kama hakuna mapatano mpaka Jumamosi ya sherehe, kibao kitaandikwa Nzanzu, basi. Archange akajibu polepole: dada wa historia analijua jina. Mama yangu aliona.

Wote wakanigeukia. Nikasema nitajibu kwa wakati wake. Sentensi ya conseil ya chuo! Niliona haya kabla haijamaliza kutoka.

Sasa nafikiri haya. Maisha yote nimewaambia wanafunzi: historia ya muji ni ya wenye kuukaa, ni lazima itoke nje, ikae barabarani, watu waisome wakipita. Archange njo anasema maneno yangu. Neno kwa neno. Na baba yake njo alikuwa anasema kinyume. Na njo baba yake niliyemupenda.

Jumatatu, 1 Agosti

Hakuna kintu. Nimeandika mistari ya article, nimefuta. Nimeanza kwa «Teremuka-Mbio», kwa «Kwa Pompe» — inatembea vizuri, ni ya kuchekesha, ni ya kweli. Inafika kwenye ile njia na inakufa. Profesa ametuma message: unaendeleaje? Sijajibu.

Nimefikiri kuondoka kesho. Motard iko tayari kila wakati. Nimefunga valise. Nimeifungua juu nilikuwa nahitaji sabuni.

Ijumaa, 5 Agosti

Asubuhi, tukichambua maharagi, mama mudogo akaniuliza bila kuinua kichwa: unalijua kweli?

Nalijua.

Aliendelea kuchambua. Akasema, Nzanzu alipojenga, babu ya Archange alimuambia hivi: pale nyuma ya duka, kipande kile, usilime, usijenge choo, na usiulize. Hakuuliza. Alilima kila pahali, hata pembeni ya barabara, lakini si pale. Watu walimucheka, munande aache udongo mutupu bila kulima!

Nikamwambia, Mama, nikisema jina kesho wanaweza kukutoa kwa parcelle yako. Nisiposema, wataandika jina la papa Nzanzu na Archange hatasamehe, wala wewe wala mie. Uniambie nifanye nini.

«Mimi nataka duka yangu, unajua. Na ningependa kuona jina ya bwana yangu kabla sijakufa.» Akatupa jiwe dogo alilolitoa kwa maharagi. «Lakini lile lingine, usiniambie. Hata nikikuuliza siku moja kwa hasira. Usiniambie.»

Halafu akanituma kwenda kuchota maji, sawa mutoto.

Jumamosi, 6 Agosti

Naandika ndani ya depot ya mama mudogo, katikati ya mifuko ya chumvi. Floribert amesimamisha sherehe, anasema watu wapumue. Nje ni kelele.

Ilikwenda hivi. Mukubwa alifika, vibao vikasimamishwa kimoja kimoja, watu wakishangilia. Walikubali «Wachumba»! Hata curé wa kanisa alicheka. Halafu kile cha mwisho, cheupe, mupaka rangi anashika brosi. Floribert akasema: Avenue Nzanzu. Archange akapanda juu ya kiti. Akasema muntu mumoja tu hapa analijua jina la pale, baba yangu alimupatia kabla ya kufa, na kama iko muntu wa haki aseme sasa, mbele ya serikali na mbele ya wote. Mukubwa akauliza, ni kweli, madame? Nikasema ni kweli. Kelele! Mama wa ndizi akafunika masikio na mikono yote mbili, nilimuona vizuri. Wazee wa jamaa wakaanza kuondoka. Mama Chantal alikaa, amejifunika kikwembe usoni. Mama mudogo alisimama mulangoni mwa duka lake, sawa analikinga na mwili.

Nilifungua mudomo. Sikujua nitasema nini — naapa, sikujua. Floribert akaokoa ile siku yake: pause!

Nikaingia huku. Message ya Profesa iko kwa telefone, sijaifungua.

Archange amenifuata. Nilifikiri anakuja kunitisha. Alifunga mulango nyuma yake, kelele ikapunguka, na mara ile si avocat tena. Alisimama. Akasema kitu, sikusikia. Nikamuomba arudie.

«Dada. Mimi hakuniambia.»

Nikaweka telefone juu ya mufuko.

«Nilimupigia kila wiki. Kila wiki tuliongea bei ya fromage. Hajaniambia hata kwamba iko kintu cha kuambiwa. Pale kwa kiti nimesema maneno mingi... mimi silijui. Watu wote wanafikiri nalijua.» Alipumua. «Sitaki useme pale inje. Njo nataka — sijui. Uniambie mimi. Ao usiniambie. Lakini ujue ni mimi ninayekuuliza, si ile kibao.»

Nilimwambia angoje. Nilisema niko na kintu cha kuandika kwanza. Ni uongo, naandika ili nisimuangalie.

Nafikiri hivi: yule muzee aliniambia niweke kwa kichwa. Hakuniambia ni kwa muda gani. Alisema mutoto wake ataliuzisha. Na huyu hapa mbele yangu hana kintu cha kuuzisha. Nafikiri tena: mimi mwanamuke, nipeleke jina la wanaume kwa mutoto wa mwenyewe, ndani ya depot ya chumvi? Nani alishaona? Na nikikosea? Na akitoka hapa akapanda juu ya kiti?

Nje Floribert anaita jina langu kwa mégaphone. Madame Estelle, madame wa historia, mukubwa iko na safari. Watu wanarudi mahali pao, nasikia viti.

Archange ameketi chini, juu ya sakafu, mugongo kwa mifuko, miguu yake mirefu haijui pa kwenda. Hanihimizi. Hata mégaphone sidhani anaisikia. Ameegemeza kichwa pembeni, upande wa sikio, vile watoto wanafanya wakingoja muntu ainame awanong'oneze. Naweka kalamu chini.